Andika Maneno, Usiandike Majina

Tuliingia Kigali mwezi wa nane, mwaka wa tisini na nne, mimi na mama, juu ya lori lililojaa magodoro na watu. Wengi wetu tulikuwa tunaiona nchi yetu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilizaliwa Bujumbura, nikasoma kwa masista, nikafanya kazi ya ukarani katika duka la vitambaa, na kila nilipoulizwa natoka wapi nilijibu Rwanda, ingawa Rwanda niliijua kwa masimulizi ya mama tu. Tulishuka mtaa wa Kabeza kwa sababu dereva alisema safari yake inaishia hapo. Siku ya tatu mtu wa ofisi ya sekta, yaani serikali ya mtaa, alituonyesha nyumba ya vyumba viwili isiyo na mtu, akatuambia tukae humo mpaka tutakapoambiwa vingine. Hatukuuliza ilikuwa ya nani. Mama alifagia, akapiga ishara ya msalaba, akainjika sufuria.

Maji yalikuwa ya kushuka bondeni na jerikani. Umeme haukuwapo. Lakini kilichonitisha zaidi kilikuwa kimya cha watu. Bujumbura nilizoea mtaa ambao ukitoka na ndoo unasalimiwa mara kumi kabla ya kufika bombani. Hapa watu walipishana wakitazama chini. Kulikuwa na waliotoka Uganda, waliotoka Kongo, sisi wa Burundi, na wale waliokuwa hapahapa siku zote na wakabaki hai. Hakuna aliyemjua jirani yake, na hakuna aliyetaka kuuliza, kwa sababu ukiuliza huenda ukajibiwa.

Mwezi wa kumi alikuja mama mmoja Mtanzania, mtaalamu wa maji, mtu wa Tanga. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, amevaa raba na sweta la kijani, na shirika lake lilikuwa limemtuma kuleta matangi ya maji na mabati. Ila walikuwa na utaratibu wao. Kabla ya kuleta chochote, walitaka mtaa uwe na jukwaa la ushirikiano, yaani kikao cha kudumu ambamo wakazi, ofisi ya sekta, parokia, msikiti na mashirika watakaa meza moja. Na kabla ya kuliunda, walitaka wananchi wenyewe waulizwe hadharani: jukwaa hilo lifanye kazi gani?

Yule mama hakujua Kinyarwanda wala Kifaransa. Konseye, yaani diwani wa sekta, kijana aliyerudi kutoka Uganda, mwembamba, mwenye maneno ya haraka, alipita akiuliza nani anajua Kiswahili na kuandika. Nikajitokeza. Siku ya kwanza nilimweleza yule mama kwamba mtaani maji haiko. Alicheka, akaniambia, "Hayako, mdogo wangu." Wiki mbili baadaye yeye mwenyewe alikuwa akisema maji haiko, kwa sababu aliposema hayako watu walinigeukia mimi.

Mkutano wa kwanza tuliufanya katika shule ya msingi. Madawati yalikuwa yamekwisha kuwa kuni, na milango nayo vilevile, basi watu waliketi juu ya matofali. Walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, chumba kikajaa hadi barazani. Konseye alifungua. Yule mama akaeleza habari ya jukwaa kwa sauti ya upole, nami nikatafsiri sentensi kwa sentensi, nikijisikia mtu wa maana. Alipomaliza, nilitoa karatasi za shirika. Juu kabisa kulikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya nyumba, na nafasi ya sahihi. Nikaanza na mstari wa mbele.

Mzee wa kwanza aliutazama mkono wangu wenye kalamu, akaurudisha wake chini ya koti. Wa pili akasema hana jina. Nilidhani ni utani. Wanawake wawili waliinuka, wakapita pale palipokuwa mlango, wakaondoka bila kugeuka. Kisha mwingine. Mimi, kwa ujinga wangu, nilifikiri wanaona haya kwamba hawajui kuandika, nikatangaza kwa sauti kwamba hata kidole gumba kinatosha.

Ndipo akasimama bibi mmoja aliyeketi mwisho, karibu na ukuta. Alikuwa mfupi, amevaa koti la kiume lililomfika magotini, na ndara za mpira. Huku kwetu bibi wa umri ule huitwa mukecuru, kwa heshima, na baadaye sikumwita vingine. Aliongea Kinyarwanda taratibu, bila kupaza sauti, lakini chumba kizima kilimsikia.

"Mwanangu, sisi tuliandikwa. Walipita nyumba kwa nyumba na karatasi kama hizo zako, wakaandika, kisha wakarudi na walichoandika. Ukitaka tuseme, tutasema. Andika maneno. Usiandike majina."

Ilibidi nimtafsirie yule mama wa Tanga. Nilifika katikati nikakwama, nikaanza tena. Aliposikia yote, aliweka chini chaki aliyoishika. Kisha akaja, akazichukua zile karatasi kwangu, akazikunja mara mbili, akazitia kwenye mkoba wake. Akaniambia niwaambie watu kwamba kosa ni lake, kwamba alileta swali lake kabla ya kuuliza hali zao, na kwamba anaomba radhi. Konseye alimnong'oneza kwa Kiingereza kwamba shirika halitakubali mkutano usio na orodha ya waliohudhuria. Yeye akajibu kwamba ofisini kwake atajibu mwenyewe.

Nilikuwa sijawahi kuona mtu wa ofisi akimwomba radhi bibi mwenye ndara mbele ya mtaa mzima. Nilitafsiri neno lile, samahani, na nikasikia chumba kikishusha pumzi.

Hata hivyo majibu hayakupatikana siku ile. Mukecuru alisema watu wasiojuana hawawezi kusema ndani ya chumba, tuwafuate majumbani. Akajitolea kututangulia. "Waliokuwepo nawajua mimi," aliniambia. "Hawa wapya utanijulisha wewe."

Tulipita wiki nzima, watatu sisi. Jambo la kwanza alilotufundisha ni kwamba hatutagonga mlango wa mtu yeyote. Mkono wa yule mama wa Tanga ulikuwa umekwisha kuinuka kwenye mlango wa kwanza mukecuru alipomshika kiwiko. Aliturudisha hadi nje ya ua, akasimama wima barabarani, akaita, "Mwaramutse," salamu ya asubuhi, kisha akangoja. Palipita muda mrefu. Nilidhani hakuna mtu. Kisha sauti ya mwanamke ikaitika kutoka ndani, na baada yake pazia likasogea. Mukecuru alisema watu wa mtaa ule waligongewa vya kutosha. Anayeitwa kutoka mbali ana nafasi ya kuchungulia, na ana nafasi ya kukataa.

Baadhi hawakuitika. Tuliwaacha, tukarudi kesho yake.

Majibu tuliyopewa sikuyategemea. Yule mama wa Tanga alikuwa ameniambia njiani kwamba watu watataja maji kwanza, mabati pili, chakula tatu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kila alikopita. Mwashi mmoja alisema jukwaa lijue kila siku nani ni mgonjwa, kwa sababu yeye alilala na malaria siku sita na angeoza bila mtu kujua. Mwanamke aliyerudi kutoka Uganda, mume wake askari, alisema anataka jukwaa limwonyeshe watu ambao anaweza kwenda nao sokoni, maana anaogopa kwenda peke yake na anaona haya kusema. Fundi cherehani mmoja, mzee Mwislamu ambaye babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, alizungumza Kiswahili moja kwa moja na yule mama, wakaulizana habari za Tanga kama ndugu. Kisha fundi akaweka mkasi chini, akasema kazi ya jukwaa iwe kuuliza.

"Tangazo likija, lisipokelewe tu," alisema. "Jukwaa liulize limetoka wapi, na nani ataumia. Sisi zamani tulikuwa tunapokea."

Niliandika kwa penseli, neno kwa neno. Mukecuru alikuwa akiinama kuangalia ukurasa wangu, ingawa hakujua kusoma. Alichotafuta ni kama maandishi yalikuwa mafupi kama jina au marefu kama maneno.

Kati ya nyumba na nyumba alikuwa akitaja waliokaa humo zamani, kwa kazi zao tu. Hapa alikaa fundi saa. Hapa mkunga. Hapa mwalimu wa hesabu aliyependa kuimba. Hakulia wala hakusita. Alitaja kama mtu anayehesabu mbegu alizopanda shambani mwake. Yule mama wa Tanga aliacha kuniuliza anasema nini. Alielewa kwa kumtazama.

Siku ya nne tulifika kwenye njia yetu. Nilitamani tupite haraka. Mukecuru alisimama nje ya ua wetu, akaita, na mama akaitika, akatoka na ungo wa maharage. Bibi yule hakuuliza swali la jukwaa. Aliitazama nyumba kuanzia bati hadi kizingiti.

"Hapa alikaa mama muuza maziwa," alisema. "Na binti zake watatu."

Mama aliushusha ungo. Miezi miwili tulikuwa tumelala humo, na mara nyingi nilimsikia usiku akigeuka kitandani, lakini hakuna aliyekuwa ametamka neno. Aliuliza kama yuko aliyebaki. Mukecuru alisema muuza maziwa alikuwa na kaka yake Butare, na kwamba habari zake hana. Mama aliingia ndani, akatoa kigoda chetu kimoja na kikombe cha maji, akampa kwa mikono miwili. Bibi akaketi, akanywa.

"Sikuwafukuza mimi," mama alisema, polepole sana.

"Najua. Lakini ni vizuri mjue."

Kisha mama, mtu asiyewahi kusema katika mkutano wowote maishani mwake, alinigeukia akaniamuru niandike. Alisema akirudi mwenye nyumba, yeye atatoka. Hilo halina mjadala. Anachotaka ni jukwaa lisimame katikati yao siku hiyo, ili yeye asimwogope mtu huyo, na mtu huyo asimchukie. Niliandika.

Mkutano wa pili ulifanyika shuleni palepale, Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Safari hii nilisimama na daftari nikasoma majibu yote, moja baada ya jingine, bila kutaja nani kasema. Nilisoma la malaria, nikasoma la kwenda sokoni, nikasoma la kuuliza matangazo. Ilikuwa ajabu kuwaona watu wakiyasikia maneno yao wenyewe yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Kila mtu alijua lake, na hakuna aliyegeuka kutafuta la mwenzake. Nilipofika jibu la mama, mama alikuwa ameketi mstari wa tatu akitazama vidole vyake.

Konseye alinikatisha. Alisema jambo la nyumba si la jukwaa. Nyumba ni za komini, yaani serikali iliyo juu ya sekta, kuna taratibu, na mtaa ukianza kujigawia nyumba kutatokea fujo. Alisema kweli, na watu walijua ni kweli, wakaanza kuinamisha vichwa. Nikaona tunapoteza tena kile tulichopata.

Fundi cherehani akaomba nafasi. "Uamuzi utoe komini," alisema. "Sisi hatutaki kugawa nyumba. Sisi tutatoa viti, watu wakae wazungumze kabla ya kufika huko."

Konseye alibaki amesimama. Alivua kofia yake. Halafu, badala ya kurudi kwenye meza, alikaa juu ya tofali pamoja na watu, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hata mimi nakaa katika nyumba isiyo yangu."

Kisha mwanamke wa Uganda akasema hata yeye. Mwashi akasema hata yeye. Mwanamume wa kutoka Goma, aliyekuwa hajafungua kinywa wiki nzima, akasema kwa Kiswahili cha Kongo, "Na sisi pia." Na mama yangu akasema. Ilikuwa kama mvua inapoanza juu ya bati, tone moja, jingine, kisha huwezi tena kuhesabu. Nilimtazama mukecuru. Nilidhani atakuwa na hasira, yeye ambaye nyumba zile zote zilikuwa za watu wake. Alikuwa anasikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja, na kila sauti iliposema aliitikia kidogo kwa kichwa, kana kwamba anapokea kitu mkononi.

Yule mama wa Tanga aliniuliza chinichini wanasema nini. Nilimwambia.

Jioni ile aliandika ripoti yake kwa mkono kwenye meza ya mwalimu, mimi nikiwa pembeni. Kazi ya kwanza ya jukwaa: kuwasalimu watu wa kila nyumba asubuhi bila kugonga, na kujua nani mgonjwa. Ya pili: kuwaketisha pamoja anayekaa na anayerudi. Ya tatu: kuuliza kuhusu kila tangazo. Maji yalikuwa ya nne. Aliniambia wakubwa wake watauliza kwa nini maji ni ya nne na kwa nini hakuna orodha ya majina, na kwamba yeye yuko tayari kwa maswali yao. Matangi yaliletwa kabla ya Krismasi, kwa hiyo nadhani aliwajibu vizuri.

Jukwaa lilianza na watu saba, mwenyekiti yule fundi cherehani. Mukecuru alikubali kuwa mjumbe kwa sharti jina lake lisibandikwe ukutani. Nami nilipewa kazi ya salamu kwenye njia ya chini, nyumba tisa. Asubuhi ya kwanza nilisimama barabarani, nikaita polepole mno. Mara ya pili niliita kwa sauti.

Kazi ile ya pili ya jukwaa ilitufikia sisi wenyewe mwezi wa kumi na mbili. Mchana mmoja, mvua ikiwa imetulia kidogo, mukecuru aliita nje ya ua. Pamoja naye alikuwa mwanamume wa makamo, suti kubwa kuliko mwili wake, mfuko wa plastiki mkononi. Nyuma yao fundi cherehani na konseye walikuwa wamebeba viti vya parokia, viwili viwili. Hakuna aliyelazimika kutueleza. Mama alivua aproni, akafunga kitambaa kichwani vizuri, akatoka.

Tuliketi uani. Fundi alisema maneno machache, kwamba huyu ni kaka wa muuza maziwa, na huyu ni mama aliyeitunza nyumba. Alipotamka neno aliyeitunza, nilimwona mama akimtazama kwa shukrani. Yule mgeni hakuuliza lolote. Aliomba tu kuingia chumba cha nyuma. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alisimama mlangoni, akaweka vidole kwenye mwimo, mahali palipokuwa na mikwaruzo ya misumari, mmoja juu ya mwingine. Sisi tulidhani ni alama za mafundi. Mama alikuwa ametaka kupaka chokaa pale na chokaa ikakosekana. Mgeni aligusa mkwaruzo wa chini, akagusa wa katikati, akagusa wa juu, na hapo ndipo nikaelewa kwamba ulikuwa urefu wa wasichana.

Mama alisimama. "Tutatoka leo, baba."

Yule mtu alimtazama kama mtu anayeamshwa. Akatazama juu, mawinguni, kisha vyombo vyetu vichache vilivyopangwa kando ya ukuta.

"Na mvua hii mtakwenda wapi?" alisema. "Kaeni mpaka iishe. Mimi mwenyewe siwezi kulala humu bado."

Konseye aligeuka pembeni, akajifanya anasogeza kiti. Fundi akasema basi ni mpaka mwisho wa mwaka, na wote wawili wakakubali, na mambo yalikuwa yamekwisha. Sauti haikupandishwa. Nilikuwa nimeishi wiki nyingi nikiiogopa saa ile, nikiwaza kelele, nikiwaza askari. Niliinuka, nikaanza kukusanya viti vya parokia.

Tangu hapo alikuja kila Jumapili. Mama alimpikia, naye akala uani, akitazama mlango. Mara ya tatu alianza kusimulia habari za dada yake, jinsi alivyojua ng'ombe mgonjwa kwa kuonja maziwa tu, na mama akamsikiliza mpaka chakula kikapoa.

Tulihama wiki ya mwisho ya mwaka, tukapanga chumba nyuma ya duka moja katika mtaa wa Gisimenti. Yeye ndiye aliyebeba upande mmoja wa godoro, mimi upande mwingine, mama nyuma na sufuria. Alitufikisha, akatuaga kwa mikono miwili, akarudi Kabeza kwa miguu.

Mama alikaa juu ya godoro kabla hatujalifungua kamba. Aliikimbia nchi hii akiwa msichana, na zaidi ya miaka thelathini alikuwa akisema habari ya kurudi. Aliniambia kwamba siku tulipovuka mpaka juu ya lori hakuhisi kitu, na alikuwa ameona aibu kuniambia. Alihisi kwamba amerudi siku ile uani, alipoambiwa akae mpaka mvua iishe.

Kisha akaniuliza kama nilikumbuka kuchukua kiberiti.